Siku ya Kurudi: Dawa za Sonona Zilivyofika Busia na Malaba

Ukiwa Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, Kampala iko karibu kuliko Nairobi. Kwa barabara ni kama kilomita 200 hadi Kampala, na Nairobi ni zaidi ya 400. Kwa hiyo hospitali ya wagonjwa wa akili ya Butabika ilipofunguliwa Kampala mwaka 1955, mgonjwa kutoka Samia au Teso angeweza kufikishwa huko kwa safari ya siku moja. Hakufikishwa. Mwaka 1902 Waingereza walikuwa wameumega mkoa wa mashariki wa Uganda, Busia ikiwa ndani yake, wakautia katika himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta pande mbili za mpaka. Aliyeugua akili upande huu akawa mtu wa Mathari, Nairobi, hata kama wajomba zake wote waliishi ng'ambo ya mto Sio.

Na Mathari haikuwa mahali pa kumpeleka mtu mwenye huzuni. Ilianza mwaka 1910 katika majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui, na mwaka 1924 ikapewa jina la Hospitali ya Akili ya Mathari. Waliofikishwa huko ni wale walioushinda ukoo na kumshinda chifu: aliyechoma nyumba, aliyempiga mtu panga, aliyevua nguo sokoni. Mama aliyeacha kwenda shambani, akaamka saa tisa za usiku na kukodolea paa macho mpaka kuche, akapoteza ladha ya chakula na hamu ya watoto wake, huyo hakuna askari aliyetumwa kumchukua. Hakumsumbua mtu. Alikaa nyumbani, akaombewa, akatafutiwa mganga, akasemwa na wakwe zake kuwa ni mvivu.

Kutokana na ukimya huo ilizaliwa nadharia iliyotugharimu miaka mingi. Mwaka 1938 Mathari ilikabidhiwa Daktari John Colin Carothers, mzaliwa wa Afrika Kusini, ambaye wakati huo hakuwa na mafunzo ya magonjwa ya akili. Alikaa hapo hadi 1950. Alipohesabu wagonjwa wake aliona wenye sonona ni wachache mno, naye hakuliuliza swali la wazi, yaani ni akina nani wanaoletwa na ni akina nani wanaoachwa nyumbani. Alihitimisha kwamba Mwafrika haugui sana ugonjwa huo kwa sababu hana mazoea ya kujibebesha lawama. Aliwahi hata kuulinganisha utendaji wa akili ya Mwafrika na wa Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na kikasomwa kama elimu. Daktari Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria, aliyekuwa akijenga kituo chake cha Aro, Abeokuta, alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuipinga hoja hiyo kitaalamu.

Ninaikumbusha habari hii kwa sababu tarehe zake zinauma. Miaka ileile ambayo vitabu vilisema sisi hatuugui, dawa za ugonjwa wenyewe zilikuwa zikipatikana.

Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View huko New York, wagonjwa wa kifua kikuu walipewa kwa majaribio dawa iitwayo iproniazidi. Madaktari walikuwa wakitazama mapafu. Wauguzi wakaona jambo jingine: watu waliokuwa wamelala wakingoja kufa walianza kudai chakula zaidi, kupiga soga na kucheza ngoma wodini. Furaha hiyo ilikuwa athari ya pembeni ya dawa ya kifua. Daktari Nathan Kline aliigeuza ikawa tiba, na mwaka 1957 alitangaza kuwa inawainua watu wenye huzuni kuu. Ila iliwaharibu baadhi yao maini, na miaka michache baadaye ikaondolewa sokoni Marekani.

Wakati huohuo huko Uswisi, katika hospitali ya Münsterlingen, Daktari Roland Kuhn alikuwa na kemikali iliyotoka kampuni ya Geigy ikiwa na namba tu, G 22355. Alikuwa ameijaribu kwa wagonjwa wanaosikia sauti na haikuwafaa. Januari 1956 akaanza kuwapa wenye sonona, nao wakaanza kuamka asubuhi wenyewe. Alipoeleza matokeo yake katika mkutano wa dunia wa madaktari wa akili mjini Zürich mwaka 1957, waliomsikiliza walikuwa kama watu kumi na wawili. Dawa hiyo ni imipramini. Ndugu yake, amitriptilini, iliidhinishwa Marekani mwaka 1961, na ndiyo iliyokuja kujulikana zaidi katika zahanati zetu. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, amitriptilini ilikuwamo.

Kidonge basi kilikuwapo, tena cha bei nafuu. Kilichokosekana ni mtu wa kukubali kwamba kuna mgonjwa.

Ushahidi ulitoka ng'ambo. Daktari John Orley, Mwingereza aliyeishi na kufanya utafiti Buganda, aliingia vijijini badala ya kungoja watu waletwe na polisi. Mwaka 1979 yeye na mwenzake John Wing walichapisha matokeo yao kutoka vijiji viwili vya Uganda: sonona ilikuwa nyingi huko kuliko miongoni mwa wanawake wa mtaa mmoja wa London waliopimwa kwa maswali yaleyale. Kenya nako, Daktari David Ndetei na mwenzake walionyesha katika miaka hiyohiyo kwamba kwenye foleni ya wagonjwa wa kawaida wa kituo cha afya cha kijijini, wanaolalamika kichwa, tumbo na mwili kuchoka, wamo wengi wanaougua nafsi. Mama yule wa Samia hatimaye alihesabiwa. Ilichukua karibu miaka thelathini tangu Carothers aondoke Mathari.

Huduma haikukimbia kwa kasi ya ushahidi. Vitengo vya magonjwa ya akili vilifunguliwa mikoani, Kakamega na Kisumu vikiwa ndivyo vya karibu na mpaka, halafu Eldoret ikapata hospitali kubwa ya rufaa na mafundisho ya Moi. Mtu wa Malaba hakulazimika tena kufika Nairobi. Lakini Kakamega ni nauli ya kwenda na kurudi na siku nzima ya kazi, na mfanyabiashara mdogo wa mpakani hula kile alichouza leo. Wengi walipata dawa zao palepale, kwa afisa wa kliniki mwenye wagonjwa sitini mlangoni, au kwa kemisti.

Hapo ndipo historia ya dawa hizi inapokuwa historia ya madhara yake, na hapo ndipo penye uzito. Chukua kibahasha kidogo cha khaki, kile cha duka la dawa, chenye vidonge vya amitriptilini vya miligramu 25. Juu yake kalamu imeandika kidonge kimoja, usiku. Hakuna zaidi. Aliyepewa anakinywa siku ya kwanza na kulala fofofo, jambo jema kwa mtu ambaye hajalala wiki tatu. Asubuhi kichwa ni kizito. Mdomo umekauka. Siku ya tatu choo kimegoma. Anainuka kitandani haraka na kuona giza, anashika ukuta. Ile huzuni iko palepale, haijasogea hata kidogo, kwa sababu dawa hizi huanza kuinua moyo baada ya wiki mbili hadi nne, na wakati mwingine sita. Madhara huja wiki ya kwanza. Faida huja baadaye. Mtu ambaye hakuambiwa mpangilio huo ana haki kabisa ya kuamini kwamba amepewa sumu, na siku ya tano anakitupa kibahasha.

Kama alibahatika kurudi, mazungumzo huwa ya namna hii:

"Daktari, hizi dawa zinanimaliza. Nikisimama naona giza."

"Pole, mama. Umekunywa siku ngapi?"

"Nne. Nikaacha."

"Umefanya vyema kuja. Hilo giza ni pressure inashuka ukiinuka ghafla. Ukiamka, keti kwanza kitandani, hesabu mpaka ishirini, ndipo usimame. Na maji unakunywa?"

Maneno hayo ni dakika tatu, nayo ndiyo nusu ya tiba. Mdomo ukikauka, kunywa maji kidogo kidogo mchana kutwa. Choo kikigoma, papai, murenda na maji, na kutembea. Usingizi ukizidi asubuhi, dawa inywewe mapema zaidi jioni, au daktari aipandishe taratibu zaidi. Mzee mwenye shida ya kukojoa kwa sababu ya tezi dume, au mwenye presha ya macho, au aliyewahi kuugua moyo, aseme kabla hajaanza, maana kwa huyo amitriptilini inaweza kuwa hatari. Na liko jambo la dozi. Miligramu 25 hutosha kutuliza maumivu ya neva na kumpa mtu usingizi, ila kwa sonona daktari kwa kawaida huipandisha polepole hadi 75 au zaidi. Wapo waliokunywa dozi ya kuanzia kwa miezi wakaamini dawa imeshindwa, kumbe hawakuwahi kufikishwa kwenye dozi ya kutibu, kwa sababu hakukuwa na siku ya kurudi ya kuipandisha.

Kwa hiyo nikisoma habari za ugonjwa huu katika ukanda wetu, sioni kwamba kipingamizi kikubwa kilikuwa imani za waganga, kama wengi wanavyopenda kusema, wala si ukosefu wa kidonge pekee. Ni ile ziara ya pili. Nani anakuona baada ya wiki mbili, wakati dawa imekuumiza na bado haijakusaidia?

Uganda kuna watu waliojibu swali hilo kwa kukiacha kidonge kabisa. Katika Masaka na Rakai, wilaya zilizopigwa vibaya na UKIMWI, watafiti wakiongozwa na Paul Bolton waliona kwamba dawa haziwezi kutegemewa kufika vijijini kila mwezi. Wakachagua vijiji 30 na katika baadhi yake wakaanzisha vikundi vya mazungumzo, wanawake peke yao na wanaume peke yao, vikiongozwa na watu wa palepale waliopewa mafunzo ya wiki mbili. Vikundi vilikutana kila wiki kwa wiki 16. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2003, yalikuwa makubwa: waliokaa katika vikundi walipona kwa wingi kuliko wenzao. Funzo ninaloliona mimi si kwamba dawa hazifai. Sonona iliyozama, ile ya mtu asiyekula wala kuinuka, mara nyingi huhitaji dawa. Ila kikundi kile kilikuwa na kitu ambacho kibahasha cha khaki hakikuwa nacho: kila wiki kuna mtu anayekungoja.

Busia wenyewe walijifunza hilo kwa njia chungu. Virusi vya UKIMWI viliingia kwa barabara na kwa ziwa. Kuanzia miaka ya 2000 kliniki za dawa za kurefusha maisha zilifunguliwa kaunti nzima, nyingi zikiungwa mkono na AMPATH, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya Moi ya Eldoret na Chuo Kikuu cha Indiana. Humo ndani kulikuwa na kidonge kilichokuwa na efavirenzi. Efavirenzi iliwapa watu kizunguzungu na ndoto za kutisha; baadhi iliwatia huzuni nzito. Kliniki hazikuwaacha wahangaike peke yao. Ziliwaambia wanywe wakati wa kulala, waepuke chakula chenye mafuta mengi kabla yake, wavumilie wiki chache za mwanzo, na ndoto zikizidi waje kabla ya siku yao. Kulikuwa na kadi yenye tarehe. Kulikuwa na mwenzao anayeishi na virusi, aliyepita njia hiyo, wa kuwapigia simu wasipotokea. Tangu 2017 Kenya ilianza kuwahamishia watu kwenye dolutegraviri, na malalamiko mengi yakapungua.

Maelfu ya watu wa mpakani, wengine hawajui kusoma, walifundishwa kuishi na dawa inayowaudhi mpaka iwanufaishe. Walifundishwa wasiache ghafla, wasipunguze kimyakimya, waulize. Hakuna mahali pengine katika afya ya umma ya ukanda huu ambapo mafunzo hayo yalifanyika kwa upana huo. Nashangaa kuona jinsi yalivyochelewa kuvuka korido kutoka kliniki ya virusi hadi chumba cha magonjwa ya akili, wakati mara nyingi mgonjwa ni yuleyule. Uganda walianza: Daktari Dickens Akena wa Makerere na Glenn Wagner wa Marekani walifanya utafiti ndani ya kliniki za virusi, wauguzi wa kawaida wakiwatambua wenye sonona na kusimamia matibabu yao ya dawa. Wauguzi waliweza.

Dawa yenyewe nayo ilikuwa imebadilika. Mwishoni mwa 1987 Marekani iliidhinisha fluoksetini ya kampuni ya Eli Lilly. Kwa miaka mingi ilikuwa dawa ya wenye pesa. Haki miliki yake ilipokwisha Marekani mwaka 2001, viwanda vya dawa zisizo na jina la kampuni viliitengeneza kwa wingi, bei ikaporomoka, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaiingiza katika orodha ya dawa muhimu. Haikaushi mdomo sana, haimwangushi mtu akisimama, na zaidi ya yote, mtu akimeza nyingi kwa kusudi haiui kirahisi. Amitriptilini huua. Hili ni jambo zito kwa daktari wa mpakani, nami nitalirudia hapo chini.

Fluoksetini ina maudhi yake. Siku za kwanza kichefuchefu. Inywewe asubuhi baada ya uji au chai na kitu cha kutafuna. Kichwa kuuma, mikono kutetemeka kidogo, wasiwasi unaopanda kabla haujashuka. Ikinywewa jioni huiba usingizi. Na kuna lile ambalo wanaume wa stendi na wake zao hawalisemi mbele ya foleni: hamu ya tendo la ndoa hupungua, au mwisho wake hauji. Mwanamume aliyeambiwa mapema kwamba jambo hilo linatokana na dawa, kwamba daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa, huuliza. Asiyeambiwa hudhani amerogwa au uanaume umekwisha, naye huacha dawa bila kumwambia mtu, hata mkewe. Wiki chache baadaye sonona inarudi na hakuna anayejua kwa nini. Wahudumu wetu wengi ni vijana, na kumtajia mzee wa rika la baba yao habari hizo ni mtihani wa adabu. Lakini zipo njia za heshima za kusema, na anayezikwepa anamwacha mgonjwa peke yake na aibu yake.

Sasa uwaweke watu wa mpakani wenyewe mbele ya dawa hizi. Dereva wa trela hutoka Mombasa, zaidi ya kilomita 900 hadi Malaba, halafu Kampala, Kigali au Juba. Akipewa amitriptilini na kuinywa saa sita za usiku baada ya kuegesha, alfajiri yuko kwenye usukani na dawa bado iko kichwani, na mteremko wa Salgaa uko mbele. Huyo anafaa dawa ya asubuhi, au apewe likizo ya barabara wiki za mwanzo, jambo ambalo matajiri wa magari hawalipendi. Anatafuna miraa ili asilale, na miraa humnyima usingizi ambao tiba inautafuta. Maumivu ya mgongo anayatuliza kwa tramadoli ya kemisti, na tramadoli ikikutana na fluoksetini yaweza kumletea kifafa au joto na mtetemeko wa hatari. Na kwa kuwa Busia iko katika ukanda wa ziwa ambako malaria haiishi mwaka mzima, mara kwa mara atameza pia dawa ya mseto ya malaria, ambayo pamoja na baadhi ya dawa za sonona huweza kuvuruga mapigo ya moyo. Hakuna kati ya haya linalomzuia kutibiwa. Linalohitajika ni aulizwe: unafanya kazi gani, unatafuna nini, umenunua dawa gani njiani?

Mama anayevusha mitumba, mayai au omena kwa mikono ana hesabu nyingine. Anaamka saa kumi, anarudi giza limeingia, na siku ya kliniki ni siku ya soko. Pombe iko pia, busaa na chang'aa, inayoongeza usingizi wa dawa na kuizidisha huzuni siku ya pili.

Dereva anahitaji dawa za miezi miwili kwa mkupuo, kwa maana hajui atapita lini tena. Lakini mtu anayewaza kufa hapaswi kukabidhiwa amitriptilini za miezi miwili. Hapo ndipo palipo na lile nililoliahidi: kwa watu wa barabara, kupatikana kwa fluoksetini kulimaanisha kwamba daktari anaweza kumpa mtu akiba ya safari bila kumkabidhi kifo. Zahanati iliyoishiwa fluoksetini ikabaki na amitriptilini inamrudisha daktari kwenye uchaguzi huo mbaya: ampe kidogo akijua hatarudi kwa wakati, au ampe nyingi na aombe Mungu. Wengine hutafuta njia ya tatu, dawa zikae kwa mke, kwa turniboi au kwa ndugu, zikitolewa kwa siku. Ni njia nzuri, ila inamlazimu mgonjwa kumwambia mtu wa pili kwamba anaumwa.

Mwaka 2020 ulipokuja na korona, mpaka wenyewe ukawa chanzo cha ugonjwa. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, kilichozinduliwa Februari 2018 na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni ili magari yasikae, kilizidiwa. Malaba foleni za malori zilirefuka makumi ya kilomita kuelekea Bungoma, madereva wakilala chini ya trela kwa siku wakingoja majibu ya vipimo. Vijijini waliitwa wabeba virusi. Waliozoea kukaribishwa chai walifukuzwa vibandani. Ukitaka kujua ni nini humwangusha mtu mwenye afya, mchukulie usingizi, mshahara na heshima kwa mwezi mmoja.

Nairobi mambo yalikuwa yakisogea kwa karatasi. Sera ya afya ya akili ya 2015 hadi 2030 ilikuwepo. Jopo kazi lililoongozwa na Daktari Frank Njenga lilitoa ripoti mwaka 2020 likitaka magonjwa ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Sheria ya afya ya akili ikarekebishwa mwaka 2022. Mwaka 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 wakapewa mikoba na kutumwa nyumba kwa nyumba. Hawa wa mwisho ndio ninaowatazama kwa matumaini zaidi, kwa sababu wanaweza kugonga mlango siku ya kumi baada ya dawa kuanza. Kisumu nako, katika hospitali ya kaunti, Muthoni Mathai wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Susan Meffert wa Marekani waliendesha utafiti mkubwa ulioweka fluoksetini na tiba ya mazungumzo ubavu kwa ubavu, zikitolewa na wahudumu wasio mabingwa. Asiyepona kwa moja anaongezewa au kupelekwa kwa nyingine. Hapo swali la dawa gani, kwa nani, na kwa muda gani liliulizwa kwa watu wa Magharibi na Nyanza wenyewe, badala ya kuazimwa jibu la London au Chicago.

Muda nao una mkasa wake. Mtu akishaanza kula, kucheka na kufungua kibanda, huona hana haja tena na dawa. Wataalamu husema aendelee miezi tisa hadi kumi na miwili baada ya kupona, kisha apunguze taratibu. Akiacha ghafla, hasa amitriptilini, hupata kichefuchefu, jasho na usiku wa kukesha, naye hudhani amekuwa mtumwa wa dawa. Dawa hizi hazileti uraibu kama pombe. Mwili tu hautaki kushtukizwa. Na kwa aliyewahi kuwa na vipindi vya furaha ya kupindukia, kusema bila kikomo na kutapanya mali, kidonge cha sonona peke yake kinaweza kumrusha upande huo, ndiyo maana swali kuhusu miaka iliyopita halirukwi.

Liko dhara moja ambalo nimeliacha hadi sasa. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru dawa zote za sonona ziandikwe onyo kwamba kwa watoto na vijana, wiki za mwanzo mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka. Onyo hilo halimaanishi kijana asitibiwe. Sonona isiyotibiwa ndiyo inayoua zaidi. Linamaanisha arudi wiki ya kwanza, na ya pili, na aulizwe waziwazi. Lakini Kenya, kwa karibu miaka yote ambayo dawa hizi zimekuwa zikitolewa, kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu wa kufungwa hadi miaka miwili. Muuguzi aliyeuliza, "Umejaribu kujidhuru?" alikuwa, kisheria, akimtaka mgonjwa akiri kosa. Wazazi waliificha. Kijana aliyeokolewa kwa kutapishwa wodini aliandikwa kuwa alikunywa dawa ya mifugo kwa bahati mbaya.

Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu mjini Nairobi alikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha katiba. Swali la muuguzi wa Busia likawa swali la tiba tu. Ng'ambo ya kizuizi, katika Busia ya Uganda, ambako mgonjwa huyohuyo huenda analala kwa dada yake na kununua dawa zake zikiisha, kujaribu kujiua kulikuwa bado ni kosa kwa sheria siku hukumu hiyo iliposomwa.